Njia za Maji katika Paa la Motokaa

Watu wengi hudhani ya kuwa dirisha la kioo lililo katika paa la motokaa limefungwa sawasawa, hata tone moja la mvua lisiweze kupita. Sivyo. Waliounda magari ya namna hiyo walijua tangu mwanzo ya kuwa maji yatapita, nao wakayafanyia njia ya kutokea. Maji yaingiapo pembeni mwa kioo hupokewa na mfereji mwembamba unaolizunguka dirisha, kisha hushuka kwa mipira iliyofichwa ndani ya nguzo za gari, na kumwagika chini. Mwenye gari huweza kukaa miaka kumi asijue ya kuwa kazi hiyo inatendeka juu ya kichwa chake. Ataijua siku njia zile zitakapoziba.

Dirisha hili wenye magari huliita sanrufu. Si jambo la jana, maana kampuni ya Nash ya Marekani iliuza magari yenye dirisha la paa tangu mwaka 1937. Lakini huku kwetu yamekuwa mengi tangu watu waliposhika desturi ya kununua magari yaliyokwisha kutumika Japani. Watu wa Japani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto wa njia, na usukani wa magari yao uko kuume. Kwa hiyo magari yao yatufaa bila kubadilishwa. Hushushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa yakiwa yamekwisha kupata umri. Kenya haikubali kuingiza gari lililozidi miaka minane. Tanzania hulikubali, bali hulitoza ushuru zaidi. Tena gari likiisha kufika halitupwi upesi. Lamtumikia wa kwanza mjini, kisha wa pili, kisha hupandishwa milimani. Basi gari lenye sanrufu mnaloliona kijijini leo huenda lina miaka ishirini, na mipira yake ya maji ina umri ule ule, wala hapana mtu aliyepata kuitazama.

Sisi walimu watano wa shule moja katika milima ya Usambara tunalo gari la namna hiyo kwa shirika. Liliundwa mwaka 2004, nasi tulilinunua mwaka 2019 kwa mtu wa Tanga. Mchana hutuchukulia vitabu, saruji na mbegu, lakini kazi yake kubwa ni ya usiku. Kijijini petu zipo pikipiki nyingi, walakini mgonjwa asiyeweza kuketi hapakizwi juu ya pikipiki, wala mwanamke aliyeshikwa na uchungu. Watu hao hubisha hodi kwetu, nasi huwapeleka hospitali ya wilaya Lushoto. Kwa sababu hii wanakijiji hutoa fedha kidogo kila mwezi za petroli, nao huliita gari lile "letu" ijapokuwa kadi yake ina majina yetu. Twalieleza jambo hili ili msomaji ajue ya kuwa maji machache ndani ya motokaa huweza kuwa habari ya kijiji kizima.

Mvua za vuli ya mwaka 2023 zilikuwa nyingi kupita desturi, nazo ziliendelea hata masika ya mwaka 2024. Katika miezi ile gari letu lilionyesha dalili moja baada ya nyingine. Kwanza ilikuja harufu ya uvundo, kama ya nguo zilizokunjwa kabla ya kukauka. Kisha vioo vikawa na ukungu kwa ndani kila asubuhi. Baadaye tuliona madoa ya rangi ya chai katika kitambaa cha dari, karibu na nguzo ya kushoto ya kioo cha mbele. Mwisho, gari lilipokata kona tulisikia sauti ya maji yakicheza, wala hatukuweza kuona yalipo.

Tulilipeleka gereji mara mbili. Gereji ya kwanza walipaka silikoni kuzunguka kioo cha paa; tena tuliona chini ya silikoni yao alama za gundi ya zamani, iliyopakwa na fundi wa mwenye gari wa kwanza. Gereji ya pili walisema ya kuwa mpira wa kioo umechoka, na mpya sharti uagizwe ng'ambo kwa fedha nyingi. Mvua iliyofuata, zulia likalowa tena.

Usiku mmoja wa mwezi wa Aprili tulikuwa tukimpeleka mtoto wa miaka minne aliyeshikwa na homa kali, pamoja na baba yake na mama yake. Mvua ilikuwa kubwa. Katikati ya njia, mahali pasipo nyumba, taa za dashibodi ziliwaka zote pamoja, vifutio vya kioo vikasimama, na injini ikazimika. Hatukuweza kuiwasha tena. Tulikaa pale zaidi ya saa moja, mama amemfunika mtoto kwa khanga mbili, baba amesimama njiani na tochi. Hata likaja lori la mboga lililokuwa likiteremka kwenda Mombo kwa njia ya Lushoto, dereva akawachukua. Mtoto alionekana kuwa na malaria, akatibiwa, na siku ya nne akarudi nyumbani mzima. Lakini kijiji kizima kilijua ya kuwa aliyemfikisha ni dereva wa lori, wala si sisi.

Fundi wa umeme aliyeletwa kesho yake alifunua zulia mbele ya kiti cha abiria, upande wa kushoto. Chini ya zulia mna tabaka nene ya sponji, na sponji ile ilikuwa imejaa maji kama dodoki. Ndani ya sponji, mahali pa chini kabisa, ndipo palipowekwa lile sanduku dogo liongozalo umeme wa gari, ambalo mafundi huliita kontroliboksi. Meno yake ya shaba yalikuwa yamefanya kutu ya kijani.

Basi ukafanyika mkutano. Hapo palikuwa na shauri tatu. Wa kwanza walisema tuliuze gari. Alikuwako mnunuzi huko Korogwe, mtu wa kuvunja magari na kuuza spea, naye alitoa bei isiyofika robo ya tuliyolinunulia. Baba wa yule mtoto ndiye aliyelishika shauri hili kwa nguvu zaidi. Alisema kwa upole, "Walimu wangu, sina neno nanyi. Lakini gari lililoniacha gizani na mtoto mkononi, siwezi kumwambia mtu mwingine alipande." Neno lake lilikuwa zito, wala hapana aliyeweza kumjibu siku ile.

Wa pili walisema lile dirisha lizibwe kabisa kwa bati na lami, lisifunguke tena milele. Wazee wawili walitaja mithali: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mithali ni ya kweli, lakini sharti kwanza mtu ajue kama alichokiona ni ufa au ni mlango.

Wa tatu, nao walikuwa wachache, waliomba siku saba ili sababu itafutwe. Tulipewa siku hizo.

Alikuja kijana mmoja fundi kutoka Korogwe, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wa mmoja wetu. Alipofika aliamkia, "Shikamooni, walimu." Tukamwitikia, tukampa kiti, tukaanza kumweleza habari za silikoni na mpira wa ng'ambo. Alisikiliza hata mwisho, kisha akasema, "Walimu, fedha zenu zikae kwanza. Nipeni kikombe cha maji, na mtu mmoja wa kulala chini."

Alifungua dirisha la paa wazi kabisa, akatuonyesha ule mfereji. Katika kila pembe pana tundu, na tundu lenyewe halizidi unene wa kalamu ya risasi. Matundu mawili ya mbele hupeleka maji katika nguzo za kioo cha mbele. Nayo hutokea katika mwanya ulio baina ya mlango na madigadi, karibu na bawaba, mahali paonekanapo mlango ukifunguliwa. Mawili ya nyuma hushuka katika nguzo za nyuma na kutokea karibu na bampa. Magari hayafanani yote: mengine yana matundu mawili tu, na mengine hutoa maji yake ndani ya madigadi, mahali pasipoonekana mpaka kipande cha plastiki kiondolewe. Lakini kanuni ni moja.

Kisha alimimina maji polepole katika kila pembe, kikombe cha robo lita kwa kila tundu, na mmoja wetu akahesabu kwa saa. Pembe ya nyuma kushoto, maji yalitoka chini mara moja. Nyuma kuume, vivyo hivyo. Mbele kuume, yalitoka kwa matone, yakachukua zaidi ya dakika mbili. Mbele kushoto, hayakutoka kabisa. Yalisimama katika mfereji kama maji ya bakulini. Alipoongeza kidogo yakapita ukingo, na mwenzetu aliyekaa ndani akapiga kelele ya kuwa maji yashuka nyuma ya kitambaa cha nguzo. Hapo mambo yote yakawa dhahiri, nasi hatukuhitaji maneno mengi tena.

Hapa twapenda kupiga hesabu kidogo, kama tufanyavyo darasani. Mvua ya milimeta moja juu ya mahali penye meta moja ya mraba huwa lita moja ya maji. Kioo cha dirisha letu kina urefu wa sentimeta 80 na upana wa sentimeta 45, yaani sehemu 36 katika mia ya meta ya mraba. Ikinyesha mvua ya milimeta 50 usiku mmoja, maji yaliyokianguka kioo kile ni lita 18, karibu ya debe zima. Mengi hutelemka juu ya paa na kwenda zake. Lakini tukisema sehemu moja tu katika kumi imepita pembeni mwa mpira, ni lita mbili kasoro kidogo. Njia zikiwa wazi, lita hizo hupita wala hapana ajuaye. Njia zikiziba, huingia katika sponji kila usiku wa mvua, wala sponji iliyofunikwa na zulia haikauki hata kwa mwezi mzima. Bandu bandu huisha gogo.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini maji yalikwenda mbele kushoto, wala si mahali pengine? Maji hufuata mkondo. Gari letu hulala katika kiwanja chenye mteremko, kichwa kikiwa chini na upande wa kushoto umeinama kidogo. Kwa hiyo maji yote ya mfereji yalikusanyika katika pembe ile ile iliyoziba. Kama lingelala mahali pa tambarare, labda yale matundu mawili ya nyuma yangelisaidia, na ugonjwa ungelichelewa kujulikana. Huku milimani, ambako viwanja vingi vina mteremko, tundu moja lililoziba latosha kuharibu gari.

Sasa twaeleza jinsi njia zile zilivyozibuliwa, kwa kuwa ni kazi iwezayo kufanywa na mtu yeyote mwenye subira.

Kwanza fundi alisafisha mfereji wote kwa kitambaa na mswaki wa zamani, ili taka za juu zisisukumwe ndani ya matundu. Humo mlikuwa na mavumbi, majani membamba ya mvinje uliosimama karibu na shule, na vipande vidogo vyeusi vilivyomeguka katika mpira wa kioo. Maji yaliyobaki aliyanyonya kwa bomba la sindano ya hospitali, lisilo na sindano yenyewe.

Kisha alikwenda chini, kwenye mwisho wa mipira. Mwisho huo una mdomo wa mpira laini uliopasuliwa katikati, ambao hufunguka maji yakija na kujifunga yakiisha, ili wadudu wasiingie. Ni akili njema. Walakini matope yarushwayo na magurudumu hukauka juu yake, na mdomo hushikamana. Mdomo wa kuume ulikuwa hivyo. Aliuminya kwa vidole viwili, udongo mkavu ukaanguka, na maji ya upande ule yakaanza kutiririka vizuri. Twashauri ya kuwa mtu aanze hapa daima, maana mara nyingi kazi huishia hapa.

Upande wa kushoto haukukubali. Basi akatoa uzi mnene wa nailoni, ule ufungwao katika mashine za kukatia majani, wenye unene wa milimeta mbili hivi. Aliuchoma ncha kwa kiberiti hata ikawa ya mviringo, isiwe na ukali. Akauingiza kutoka juu polepole, akiuzungusha baina ya vidole, akirudisha nyuma kila ulipokwama. Hakusukuma kwa nguvu hata mara moja. Alipofika kadiri ya mkono mmoja na nusu alisimama, akazungusha, akarudisha, akazungusha tena. Mwisho uzi ulipita. Akamimina maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, na chini kikatoka kizibo cheusi chenye urefu wa kidole, laini kama masimbi ya kahawa, kikifuatwa na maji machafu, kisha maji safi. Akarudia mara tatu. Tulipopima tena kwa kikombe, robo lita ilipita kwa muda usiozidi sekunde kumi na tano.

Yako mambo ambayo fundi huyu alituonya, nasi twayaandika kama alivyoyasema. Usitumie waya mgumu. Mipira hii ikizeeka huwa mikavu, na waya huitoboa. Hapo maji hutoka katikati ya nguzo, na kuipata mahali pake ni kazi kubwa. Wengine hutumia waya wa ndani wa breki ya baiskeli. Huo huinama vema, lakini ncha yake ikifumuka huchana mpira kwa ndani. Usipulize kutoka juu kwa kompresa ya kujazia magurudumu. Nguvu yake ni nyingi mno, nayo huweza kuuchomoa mpira katika kijibomba ulichovikwa, kule juu ya dari usikoweza kufika mkono. Ukitaka kupuliza, puliza kwa kinywa kwa mpira mwembamba kutoka chini kwenda juu. Usitie petroli wala mafuta ya taa, maana hula mpira. Wala usibandue kitambaa cha nguzo mwenyewe, kwa sababu katika magari mengi mifuko ya hewa ya kuokoa abiria imekunjwa mumo humo; kazi hiyo ni ya fundi, baada ya kufungua betri na kungoja kwanza.

Na ile silikoni? Aliiondoa yote kwa kisu cha mti. Alituambia ya kuwa katika silikoni iliyopakwa juu ya kioo, mpasuko wa unywele watosha kuingiza maji. Tena mwenye gari huona limezibwa, akaacha kuzitazama njia za chini. Gereji zote mbili zilipigana na maji mahali yaingiapo, wala hapana aliyeuliza yatokapo.

Kulikausha gari kulitwaa muda mrefu kuliko kulizibua. Tuliondoa viti, tukatoa zulia na sponji, tukaikamua sponji katika ndoo, tukapata lita sita. Chini ya sakafu vipo vizibo vya mpira ambavyo huondolewa ili maji yaliyolala yatoke. Tuliviondoa, kisha tukavirudisha. Siku tisa milango ilikuwa wazi mchana, ikifungwa usiku. Fundi wa umeme alisugua meno ya kontroliboksi kwa spiriti na brashi, akayakausha, na lilipofungwa tena injini iliwaka. Fedha zote zilizotumika, za fundi wawili, uzi na spiriti, hazikufika hata zile tulizolipa gereji ya kwanza kwa silikoni.

Siku ya saba watu walikusanyika uwanjani kutazama. Tulimwomba baba wa yule mtoto ashike kopo mwenyewe. Alimimina maji katika pembe ya mbele kushoto, akainama kuangalia chini ya mlango, akamimina tena, hata akamaliza ndoo nzima. Kisha akasema, "Nimeyaona maji yakitoka. Lakini ya mchana si ya usiku. Mvua na inyeshe kwanza." Hatukumkatalia, kwa kuwa alinena haki. Gari halikuuzwa, lakini kwa miezi mitano hapana aliyelihesabu kuwa lake. Fedha za petroli zilipungua, na wagonjwa wawili walipelekwa kwa gari la kukodi kutoka mbali. Vuli ya mwaka 2024 ilipokuja, mtu yule alikuja kwetu usiku wa manane, mvua ikimwagika, akasema mama yake hawezi kupumua. Aliingia garini akapapasa zulia kwa kiganja kabla ya kuketi. Lilikuwa kavu. Tulifika Lushoto alfajiri.

Tangu hapo tumeweka kanuni. Mara mbili kila mwaka, juma la kwanza la Machi kabla ya masika, na juma la mwisho la Septemba kabla ya vuli, mwalimu wa zamu hufungua dirisha la paa, hufuta mfereji, huminya ile midomo ya mpira, na kumimina robo lita katika kila pembe. Katika daftari la gari huandika tarehe, na sekunde ambazo maji yalichukua kwa kila tundu. Masika ya mwaka 2025 yalipokaribia, tundu la mbele kuume lilikuwa limeanza kuchelewa. Lilisafishwa siku ile ile kwa muda wa kunywa chai. Mpira wa kioo nao hufutwa na kupakwa grisi ya silikoni kidogo sana, ambayo si ile gundi ya kuzibia, ili usikauke na kumeguka. Na gari halilali tena chini ya mvinje.

Jambo moja zaidi twapenda kuliongeza, ili msomaji asizibue kisichoziba. Si kila zulia lililolowa ni kosa la paa. Likilowa siku za jua, nawe umewasha mashine ya ubaridi, huenda ni bomba la kutolea maji ya mashine hiyo lililoziba. Maji yake ni safi, hayana harufu, na mara nyingi huonekana mbele ya abiria. Maji yakiwa ya kunata kidogo na yenye harufu ya utamu, yametoka katika mashine ya joto, nayo ni maji ya rejeta. Hapo nenda kwa fundi upesi, maana injini yaweza kuungua. Zulia likilowa karibu ya kizingiti cha mlango tu, tazama ile karatasi ya plastiki iliyobandikwa ndani ya mlango. Lakini yakija baada ya mvua, pamoja na doa darini au matone katika taa ya ndani, shuku zile njia nne.

Basi, mwenye gari la namna hii na achukue kikombe cha maji mchana wa jua, wakati hana haraka. Na amimine polepole pembe moja moja, amweke mtoto chini atazame, wahesabu pamoja. Akiona maji yatoka mahali pote panne, na aandike tarehe ukutani au katika daftari, aendelee na kazi zake. Asipoyaona yakitoka, ajue ya kuwa yako ndani, na azizibue njia kabla mtu hajabisha hodi usiku.